Mpira ukishatoka mkononi

Watu wa pembeni ya uwanja wana tabia ya kuusindikiza mpira kwa miili yao. Mfungaji akishaachia tu, utamwona mama mzima anainua bega la kulia, mwingine anajikunja kushoto, kocha wa upande wa pili anachuchumaa na kunyanyuka kana kwamba kiuno chake kimefungwa kamba na pete. Hata mimi mwili hunivuta. Ila mdomo nimeufunga. Mpira ukiwa hewani sisemi neno, kwa sababu hakuna la kusema. Yote ya kuamuliwa yameshaamuliwa kwenye ncha za vidole. Kuanzia hapo mpira uko na uzito wake na hewa, basi.

Kwa wageni wa ukurasa huu: kazi yangu ni uhasibu, nafunga mahesabu ya duka la vifaa vya ujenzi hapa Mwanjelwa, Mbeya. Jioni na wikiendi nafundisha mpira wa pete mabinti wa darasa la sita na la saba kwenye kiwanja cha udongo upande wa Uyole. Nilikuwa GS, yaani mfungaji, enzi zangu za UMISSETA, mashindano ya shule za sekondari, na fizikia ilikuwa somo nililolipenda kuliko lenyewe lilivyonipenda. Leo nataka kuandika vitu hivi viwili kwa pamoja, maana kila mara naulizwa kwa nini wafungaji wangu wanarusha mpira juu namna ile, "kama wanatungua maembe".

Anza na swali ambalo huwa nawauliza mabinti wapya. Mpira ukiwa juu pale, haujafika kwenye pete, ni nini kinausukuma? Wote kwa sauti moja: nguvu ya mkono, Kocha! Nguvu imo ndani ya mpira, inapungua kidogokidogo, ikiisha mpira unaanguka. Huwa siwacheki. Aristotle, mwanafalsafa wa Ugiriki ya kale, aliona kitu kilichorushwa kinasukumwa na hewa yenyewe inayokizunguka. Karne ya 6, Philoponus wa Alexandria akakataa, akasema mrushaji anatia kitu fulani ndani ya kile anachorusha. Ibn Sina naye akalishughulikia jambo hilo, na Jean Buridan kule Paris karne ya 14 akalipanga upya. Kwa hiyo binti wa Uyole anayesema nguvu ya mkono imo ndani ya mpira yuko kwenye baraza la watu wazito.

Ila si kweli. Mkono ukishaachana na mpira hausukumi kitu tena. Mpira unaondoka na mwendo, na mwendo hauhitaji kusukumwa ili uendelee. Kani, yaani msukumo au mvuto, inahitajika kuubadilisha tu. Hapo hewani kani kubwa ni moja, uzito wa mpira, nayo inavuta chini moja kwa moja. Haina habari na kwenda mbele. Ukiiacha hewa pembeni kwanza, kasi ya kwenda mbele inabaki ileile tangu vidoleni hadi kwenye pete. Ile ya kupanda ndiyo inayoliwa, mita 9.8 kwa sekunde katika kila sekunde, mpaka inaisha, kisha inaanza kukua kuelekea chini. Changanya hizo mbili na unapata ule upinde ambao Galileo aliuchapisha mwaka 1638, yaani parabola.

Maneno haya hayamwingii mtoto wa miaka 12 mpaka mwili wake ukubali. Kwa hiyo tunafanya hivi: binti anakimbia kando ya mstari, mwendo wa sawasawa, na katikati ya mbio anarusha mpira juu wima, juu ya kichwa chake, bila kuusukuma mbele, na bila kuacha kukimbia. Wanaotazama wanakuwa na uhakika mpira utamwangukia nyuma. Unarudi mikononi mwake. Anarusha tena, unarudi tena. Mpira ulikuwa unakimbia naye tangu mwanzo, na kule juu hakuna aliyeuambia usimame. Siku ya kwanza huwa kuna ubishi: mmoja atasema mwenzake anausukuma mbele kwa ujanja. Naye anaambiwa akimbie mwenyewe.

Sasa tuje kwenye maembe.

Mtu wa hesabu za duka kama mimi nishati anaiona kama fedha iliyo kwenye mifuko tofauti. Haizaliwi njiani wala haipotei, inahama mfuko tu. Mpira unaporuka kuna mfuko wa mwendo na mfuko wa kimo: ukipanda, nishati mwendo inahamia kwenye nishati tuli, ukishuka inarudishwa. Kiasi ulichoweka mkononi ndicho kitakachozunguka mpaka mwisho wa safari, ukitoa makato ya hewa.

Mfungaji wangu wa sasa ni mrefu kuliko wenzake. Akinyoosha mikono, mpira unatoka vidoleni ukiwa kama mita 1.90 kutoka ardhini. Pete iko mita 3.05, kwa hiyo kuna mita 1.15 za kupanda. Mweke mita 3 kutoka katikati ya pete. Kwa sheria mpira una uzito wa kati ya gramu 400 na 450; tuchukue 420. Kuupandisha hizo mita 1.15 kunahitaji jouli 4.7 hivi (jouli ndiyo shilingi ya nishati). Hizo huzikwepi, hata ungeubeba ukipanda ngazi.

Lakini mpira haupandi ngazi, unatakiwa pia usafiri mita 3 za mbele na ufike ukiwa unashuka. Njia yenye gharama ndogo kuliko zote ni ipi? Shuleni tulikariri nyuzi 45. Nyuzi 45 ni za kitu kinachotua usawa uleule kilikotokea, na bila hewa. Pete ikiwa juu yako pembe hiyo inapanda: kwa vipimo vya mfungaji wangu inakuja nyuzi 55 na nusu, kwa kasi ya mita 6.5 kwa sekunde. Nishati yake ni jouli 9. Huwezi kufika kwa pungufu ya hapo.

Ndiyo mrusho ambao mabinti wanakuja nao kutoka nyumbani. Mwili una akili ya kubana matumizi, unatafuta njia ya bei rahisi bila kuambiwa. Tatizo liko kwenye kufika. Mpira wa jouli 9 unaifikia pete ukishuka kwa mteremko wa nyuzi 35 tu. Pete ina kipenyo cha sentimita 38 ndani, lakini mpira unaokuja umelala hivyo haukutani na hizo 38 zote. Chuchumaa siku moja uitazame pete kutoka pembeni kwa chini: si duara tena, imebanwa. Kwa nyuzi 35 uwazi uliobaki ni kama sentimita 22. Mpira nao una mzingo wa sentimita 69 hadi 71, yaani kipenyo cha sentimita 22 na ushee. Umeona tulipofika? Mrusho wa bei rahisi kuliko yote haupiti bila kugusa chuma hata ukilengwa sawasawa. Na sisi hatuna ubao nyuma ya pete kama wa mpira wa kikapu. Ukigusa chuma vibaya umeshawapa GK na GD, walinzi wa upande wa pili, zawadi.

Mpandishe hadi nyuzi 65. Kasi inakuwa mita 6.84 kwa sekunde, nishati jouli 9.8. Mpira unafika juu hadi mita 3.86 kutoka ardhini, unashuka kwenye pete kwa mteremko wa nyuzi 54, na uwazi unakuwa karibu sentimita 31. Kwa nyongeza isiyofika hata jouli moja amenunua sentimita tisa za uwazi. Bei kama hiyo Mwanjelwa hujawahi kuiona.

Mtu mwenye pupa atasema basi tupande hadi 75. Nimeipiga hiyo pia. Inadai karibu jouli 14, mpira unakwenda mita 5 juu, na uwazi unaongezeka sentimita tano tu. Halafu kuna jambo baya zaidi: ukikosea kuachia kwa nyuzi moja kwenye mrusho wa 65, mpira unahama kama sentimita 7, kwenye mrusho wa 75, kosa hilohilo linauhamisha kama sentimita 18. Hapo ndipo tunakuwa tunatungua maembe kweli.

Nyuzi siwatajii. Nimefunga kamba ya manila kati ya mkaratusi na nguzo, mita 3.6 kutoka chini, na mfungaji anasimama ili kamba iwe karibu mita 1.8 mbele yake. Mrusho wa bei rahisi unapita chini ya kamba. Ule ninaoutaka unapita juu, na nafasi ya kiganja kimoja inabaki. Kazi yao ni hiyo: usiiguse kamba, pita juu, ila usipite juu sana. Mmoja aliniuliza kamba tutabeba mpaka kwenye mashindano. Nikamwambia ataibeba kichwani.

Sasa hizo jouli karibu kumi zinatoka wapi? Hapa ndipo makocha wengi wanamlaumu mtoto kwamba hana nguvu. Nishati unayoweka kwenye mpira ni kani mara umbali uliousukuma. Binti anayerusha kwa mikono peke yake ana kama sentimita 30 za kusukuma, kwa hiyo anatafuta nyutoni 33 (nyutoni ni kipimo cha kani), ukiacha zile nne za kubeba uzito wa mpira wenyewe. Akikunja magoti na kunyanyuka pamoja na mpira, anasukuma kwa sentimita 60, na nyutoni zinazohitajika zinashuka nusu. Mtoto ni yuleyule na misuli ni ileile. Ndiyo maana mdogo wa timu, ambaye mikono yake ni kama vijiti vya mishikaki, anafunga kutoka mbali kuliko wenzake wawili wanaomzidi kilo. Magoti yake yanafanya kazi. Na ndiyo sababu mimi siangalii pete kabisa mazoezini. Naangalia magoti, kiwiko, na kidole cha mwisho kuachana na mpira. Kidole hicho kikivuta kidogo, mpira unaondoka ukizunguka kurudi nyuma, na ukigusa chuma unapoa badala ya kuchomoka.

Ukitaka kuona watu wanaojua hesabu hii bila kuisoma, nenda kwenye jengo lolote linalopanda ghorofa hapa mjini, simama mbali kidogo, tazama saidia fundi wanavyorushiana matofali ya kuchoma. Wa chini anarusha, wa juu kwenye jukwaa hana haraka. Tofali linapanda, linapunguza, linapunguza, na pale linapotaka kusimama ndipo viganja vyake vinakuwa tayari pembeni. Analichukua hewani kama mtu anayechukua kikombe mezani. Tofali la kilo 3 kwa mita 3 za kupanda linahitaji jouli 88, kasi ya kuondokea karibu mita 7.7 kwa sekunde, na aliye chini anatoa kiasi hicho na si zaidi. Mgeni wa kazi utamjua. Anarusha kwa sifa, tofali linafika juu likiwa bado lina haraka, na ziada yote anaipokea mwenzake kwa viganja. Matusi yanafuata.

Hiyo ziada kwenye viganja ndiyo iliyomleta mzazi mmoja kwangu. "Mama, samahani, huu mchezo wenu mbona mtoto anarudi na kidole kimevimba?" Haki yake kuuliza. Pasi ya kifua iliyopigwa vizuri inakwenda mita 10 kwa sekunde, kwa hiyo imebeba jouli 21. Mpira ukisimama mikononi, hizo jouli lazima ziende mahali, na umbali ndio unaoamua maumivu. Mtoto anayedaka amekakamaa, mpira unasimama ndani ya sentimita 5: nyutoni 420, sawa na kuwekewa mzigo wa kilo 42 kwenye vidole kwa kitambo kifupi. Anayeurudisha mpira kifuani akiupokea, sentimita 30, anakutana na nyutoni 70. Kilo 7. Sasa ongeza asubuhi ya Julai ya Uyole, vidole havijapata moto na kila mtu amekakamaa kwa baridi. Nilimweleza mzazi, nikamwonyesha kwa mpira, akadaka mwenyewe mara kadhaa na koti lake la suti. Tukakubaliana mazoezi ya asubuhi mwezi wa saba tuanze na kukimbia, mipira baadaye.

Kitu kingine watu hawakipi uzito kwenye hesabu hii ni kwamba kasi inaingia mara mbili. Pasi ya mita 5 kwa sekunde ina jouli 5 na robo. Ya mita 10 ina 21. Kasi maradufu, nishati mara nne. Walibishana sana Ulaya juu ya hilo. Miaka ya 1720, Mholanzi Willem 's Gravesande alidondosha mipira ya shaba kwenye udongo laini wa mfinyanzi na kupima mashimo: uliofika kwa kasi maradufu ulichimba mara nne. Aliyeichukua hoja hiyo na kuitetea kwa kalamu kali alikuwa mwanamke, Émilie du Châtelet wa Ufaransa, huyohuyo aliyemtafsiri Newton kwa Kifaransa. Alifariki mwaka 1749, siku chache baada ya kujifungua. Tafsiri yake kamili ikatoka mwaka 1759. Mabinti wangu wanamjua kwa jina. Mwezi wa tatu kiwanja kikilowa tunadondosha goroli kubwa kutoka kimo kimoja, kisha kutoka kimo mara nne, ambacho ndicho kinachokupa kasi maradufu, na tunaingiza njiti ya kiberiti kupima shimo. Udongo wetu una mawe, kwa hiyo majibu hayanyooki kila mara. Ila inafurahisha kuliko kukimbia kwenye matope.

Nimeiahirisha hewa makusudi, maana ndiyo yenye mjadala. Mtu akikuambia hewa haina maana kwenye mrusho wa mita 3, mwulize amepima wapi. Kwa makadirio yangu inakata karibu jouli moja kati ya zile kumi, na mkono unaizoea bila wewe kujua: mfungaji anaongeza kidogo, mpira unafika. Kazi inakuja pale hewa inapobadilika. Sisi Uyole tuko zaidi ya mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, hewa nyepesi. Watu wa soka wanalijua hili kwa namna yao. Timu zikipanda kutoka Pwani kuja uwanja wa Sokoine hapa Mbeya zinalalamikia baridi na pumzi, wakati mpira wenyewe nao unakatwa kidogo na hewa kuliko walivyozoea.

Kwetu safari ni ya kushuka. Tukienda kucheza Kyela, tunaiacha Uyole, tunapita Tukuyu na mashamba ya chai, masikio yanaziba na kuzibuka, na tunafika karibu na Ziwa Nyasa kwenye kimo cha mita 500 hivi. Hewa ya kule ni nzito kuliko yetu kwa zaidi ya sehemu moja ya kumi, ingawa joto linaipunguza. Kwenye mrusho wa mita 3, mpira ule ule wenye jouli zilezile unapungukiwa sentimita mbili au tatu. Si nyingi, lakini ukikumbuka mfungaji wangu ana sentimita nane au tisa za kuchezea kwa jumla, nusu mbele na nusu nyuma, utaona kwa nini mipira ya mwanzo inagonga chuma cha mbele. Watu wanasema watoto wamechoka na safari. Kuchoka kupo pia. Kwa hiyo tunafika mapema, na kila mfungaji anarusha mpaka mkono uongeze wenyewe kile kinachohitajika. Siwaambii waongeze. Ukimwambia mtoto aongeze sentimita tatu atakuongezea thelathini.

Na mpira wenyewe unashuka mlima ukiwa na upepo wa Uyole ndani. Nje kanieneo ya hewa inaongezeka, inaubana, na mpira uliokuwa umekaza asubuhi unafika Kyela umelegea kidogo, hata kama jua la kule linajaribu kuukaza tena. Mpira uliolegea unakula nishati kila unapodunda, na pasi ya kudundisha inafika magotini badala ya kiunoni. Ndiyo maana pampu na sindano nabeba mimi kwenye pochi yangu. Mara moja tuliviweka kwenye buti la Noah pamoja na ndizi za watu.